Dakika 10 mbele ya jopo: namna mwanafunzi wa chuo kikuu anavyopaswa kujitayarisha kuwasilisha kazi yake kwa mdomo

Na Mwandishi Wetu, Pemba

Kila mwaka wa masomo unapokaribia ukingoni, wanafunzi wa vyuo vikuu huitwa kusimama mbele ya wahadhiri na wenzao ili kueleza kwa mdomo kazi walizozifanya kwa maandishi. Ndivyo ilivyo kwa vijana wa Pemba wanaosoma katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001, na ambacho kina kampasi yake kisiwani humu huko Mchanga Mdogo, Wilaya ya Wete. Ndivyo ilivyo pia kwa wale wanaosoma kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na kwa wanaovuka bahari kwenda Unguja na Tanzania Bara.

Muda unaotolewa mara nyingi ni mfupi: dakika 10, 15 au 20, na baada yake huja maswali. Hata hivyo, muda huo mfupi una uzito mkubwa. Mwanafunzi aliyehangaika miezi kadhaa, akatembea shehia kwa shehia kukusanya taarifa na akakesha kuandika, anaweza kuonekana hajui alichokifanya kwa sababu tu hakujua namna ya kukieleza. Na mwenzake ambaye kazi yake ni ya kawaida anaweza kusikilizwa kwa makini kwa sababu amepanga maneno yake.

Makala hii inaeleza hatua kwa hatua namna ya kutayarisha na kutoa wasilisho la mdomo. Imekusudiwa wanafunzi, lakini pia wazazi na walezi ambao huwaona watoto wao wakihangaika usiku kucha bila ya kujua ni kwa namna gani wanaweza kuwasaidia.

Aina za mawasilisho

Si kila wasilisho lina lengo moja, na kosa la kwanza la wanafunzi wengi ni kuyachukulia yote kuwa sawa.

Lipo wasilisho la semina ya darasani, ambapo mwanafunzi au kikundi hupewa mada na kutakiwa kuwaelewesha wenzao. Lengo hapa ni kufundisha. Aliyekaa nyuma kabisa ya darasa lazima atoke na jambo jipya. Lipo wasilisho la pendekezo la utafiti, ambalo hutolewa kabla ya kwenda uwandani. Hapa jopo linataka kujua iwapo swali lina maana, iwapo njia iliyochaguliwa inaweza kulijibu, na iwapo kazi inawezekana kwa muda na fedha zilizopo. Na lipo wasilisho la utetezi wa tasnifu au ripoti ya mradi, ambapo kazi imeshakamilika na mwanafunzi anatakiwa kuonesha kuwa yeye ndiye aliyeifanya, anaielewa na anaweza kuisimamia inapohojiwa.

Aina ya nne ni ile inayosahauliwa: kuwarejeshea wananchi matokeo ya utafiti uliofanyika kwao. Tutaizungumzia mwishoni, kwa sababu ndiyo inayomgusa mwananchi moja kwa moja.

Sentensi moja kabla ya slaidi 20

Wanafunzi wengi huanza matayarisho kwa kufungua kompyuta na kutengeneza slaidi. Huko ni kuezeka nyumba kabla ya kujenga ukuta. Kinachotakiwa mwanzo ni sentensi moja, inayosemeka kwa pumzi moja, yenye kujibu maswali matatu: nimechunguza jambo gani, nimelichunguza wapi na kwa njia gani, na nimeona nini.

Mwanafunzi akishindwa kuitamka sentensi hiyo, tatizo lake si uwasilishaji bali ni uelewa wa kazi yenyewe, na ni heri alitambue hilo akiwa nyumbani kuliko mbele ya jopo. Akiweza kuitamka, basi ameshapata kipimo cha kila kitu kitakachofuata. Kila slaidi, kila takwimu na kila mfano utapimwa kwa swali moja: je, hiki kinaisaidia sentensi yangu? Kisichosaidia kinabakia katika ripoti ya maandishi, kwa kuwa ripoti ndiyo mahali pa kueleza yote. Wasilisho ni mahali pa kueleza lililo kubwa.

Tuchukue mfano unaofahamika na kila Mpemba. Mwanafunzi wa historia amepewa mada ya zao la karafuu, naye ana dakika 10. Anajua mengi: mikarafuu ilivyoletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, jinsi ilivyopandwa Unguja na Pemba, namna inavyochumwa, kuanikwa na kuuzwa. Akijaribu kuyasema yote, atamaliza muda wake akiwa bado yuko katika uletwaji wa miche. Lakini akijiuliza swali moja, mambo yanajipanga yenyewe: imekuwaje Pemba, na si Unguja, ikawa ndiyo kisiwa kikuu cha karafuu?

Jibu lake linaweza kuanza na tukio moja. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu huchukua miaka mingi tangu kupandwa hadi kutoa mazao ya kuridhisha, hivyo pengo lile halikuweza kuzibwa kwa msimu mmoja au miwili. Karafuu zilipoadimika na bei kupanda, wenye ardhi Pemba walikuwa na kila sababu ya kupanda zaidi, na mvua pamoja na udongo wa vilima vya kisiwa hiki uliwakubalia. Tukio, sababu na matokeo: hayo ni mambo matatu, na msikilizaji anaweza kuyabeba hadi nyumbani.

Kugawa muda

Baada ya sentensi kuu huja mgao wa muda. Kwa wasilisho la dakika 10, mgao unaofaa ni huu: dakika 1 ya ufunguzi, ambayo inataja swali na umuhimu wake; dakika 2 za kueleza mazingira ya tatizo na njia iliyotumika; dakika 5 za matokeo au hoja kuu, zisizozidi tatu; dakika 1 ya hitimisho; na dakika 1 inayoachwa wazi kwa ajili ya dharura. Ukumbi wowote una dharura zake: mlango utafunguliwa, mgeni ataingia, mashine itagoma.

Makosa mawili hujitokeza mara kwa mara katika mgao huu. La kwanza ni utangulizi mrefu. Mwanafunzi hutumia nusu ya muda wake kueleza maana ya istilahi na kutaja waandishi waliotangulia, kisha anaonywa kuwa zimebaki dakika 2, na matokeo yake mwenyewe, ambayo ndiyo yaliyowakusanya watu, yanasomwa mbio mbio. La pili ni itifaki. Kwetu salamu ni ada njema na hakuna anayepaswa kuiacha. Lakini salamu moja kwa jopo na hadhira, ikifuatiwa na jina la mwanafunzi na mada yake, inatosha. Kutaja vyeo vya kila aliyehudhuria ni kazi ya mshereheshaji.

Kusema takwimu ili zisikike

Takwimu inayosomwa katika karatasi na takwimu inayosikika kwa sikio ni vitu viwili tofauti. Msomaji anaweza kurudi nyuma na kuitazama tena, msikilizaji hawezi.

Kwa mfano, Sensa ya Watu na Makaazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Zanzibar ina watu 1,889,773, ambapo Pemba ina watu 543,441. Kati ya hao, Mkoa wa Kaskazini Pemba una watu 272,091 na Mkoa wa Kusini Pemba una watu 271,350. Mwanafunzi akizisoma tarakimu hizo zote moja baada ya nyingine, hakuna atakayekumbuka hata moja. Anachopaswa kufanya ni kuziweka kamili katika slaidi, kisha kwa mdomo aseme maana yake: kati ya kila watu 100 wanaoishi Zanzibar, karibu 29 wanaishi Pemba, na mikoa miwili ya kisiwa hiki inakaribia kulingana kwa idadi ya watu.

Kusema hivyo hakupunguzi usahihi, kwa kuwa namba kamili ipo ukutani kwa anayetaka kuihakiki. Aidha, mwanafunzi anatakiwa ataje chanzo cha takwimu na mwaka wake. Takwimu isiyo na chanzo ni mlango wa swali gumu, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Slaidi ni msaidizi tu

Slaidi nzuri huonesha kile ambacho maneno hayawezi kukionesha kwa wepesi: ramani ya shehia zilizotembelewa, picha ya ugonjwa wa mmea, jedwali fupi, mchoro wa mabadiliko ya miaka. Slaidi mbaya ni ukurasa wa ripoti uliobandikwa ukutani kwa herufi ndogo, ambao mwanafunzi anausoma huku akiipa hadhira mgongo.

Kanuni tatu zinatosha. Kwanza, kila slaidi ibebe jambo moja. Pili, maandishi yawe makubwa kiasi cha kusomeka na aliyekaa safu ya mwisho, na njia ya kuhakikisha hilo ni kwenda kukaa safu ya mwisho mwenyewe kabla ya siku yenyewe. Tatu, idadi ya slaidi isizidi idadi ya dakika. Mwenye dakika 10 na slaidi 25 ameshaamua kwamba hatasikilizwa.

Pia mwanafunzi asiifanye mashine kuwa tegemeo lake pekee. Pemba imeunganishwa na umeme wa gridi ya Taifa kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na hali ya huduma ni tofauti kabisa na enzi za jenereta. Hata hivyo, umeme unaweza kukatika popote duniani, projekta inaweza kukataa kuisoma flashi, na faili lililotengenezwa katika kompyuta moja linaweza kuvurugika katika nyingine. Mwenye busara huhifadhi kazi yake mahali pawili au zaidi, huchapisha nakala chache za slaidi zake muhimu, na hufanya angalau zoezi moja bila ya slaidi yoyote. Anayeweza kuieleza kazi yake mikono mitupu hatishwi na giza.

Lugha ya jopo na lugha ya nyumbani

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa kwa vijana wengi. Lugha inayotumika kwa sehemu kubwa ya masomo ya chuo kikuu nchini ni Kiingereza, isipokuwa katika masomo ya Kiswahili yenyewe na baadhi ya masomo mengine. Mwanafunzi wa Micheweni au Mkoani amekulia katika Kiswahili, amewahoji wakulima na wavuvi kwa Kiswahili, amefikiri kwa Kiswahili, kisha anatakiwa kueleza matokeo yake kwa lugha ambayo haizungumzi nyumbani.

Dawa wanayoikimbilia wengi ni kuhifadhi hotuba neno kwa neno. Dawa hiyo ina madhara. Aliyehifadhi maneno akisahau moja, mnyororo wote hukatika, na swali la kwanza la jopo humkuta hana neno lake mwenyewe. Njia iliyo bora ni kuhifadhi mpangilio wa hoja, na kuhifadhi maneno ya sehemu mbili tu: sentensi ya kwanza, ili ulimi uanze kwa uhakika, na sentensi ya mwisho, ili amalizie kwa nguvu badala ya kufifia.

Inasaidia pia kufanya zoezi la kwanza kwa Kiswahili. Mwanafunzi aeleze kazi yake yote kwa lugha yake hadi iwe wazi akilini, ndipo aieleze kwa Kiingereza kwa sentensi fupi fupi. Sentensi fupi iliyo sahihi inaheshimiwa zaidi kuliko sentensi ndefu iliyopotea njiani. Istilahi ngumu ziandikwe kando na zitamkwe kwa sauti mara nyingi, kwa kuwa neno ambalo mtu hajawahi kulitamka ndilo litakalomkwaza. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Na kwa wale wanaowasilisha kwa Kiswahili, wasidhani kuwa kazi yao ni nyepesi kwa sababu ni lugha yao. Kiswahili cha kitaaluma kinahitaji matayarisho. Kuchanganya maneno ya lugha mbili katika kila sentensi hakuongezi hadhi ya hoja. Kamusi la Kiswahili Fasaha, lililotolewa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) mwaka 2010, ni miongoni mwa nyenzo zinazofaa kuwa karibu na mwanafunzi anapotafuta neno.

Mazoezi

Mazoezi ya kimya, kwa kupitisha macho katika karatasi, hayahesabiki. Mazoezi ni kusimama, kutoa sauti na kutazama saa. Mara ya kwanza mwanafunzi atagundua kuwa kile alichodhani ni dakika 10 ni dakika 17, na hapo ndipo kazi ya kupunguza inapoanza. Mara ya pili ajirekodi kwa simu na ajisikilize. Atasikia mambo ambayo hakuyajua: kasi iliyopitiliza, neno moja linalorejewa kila baada ya sentensi, sauti inayozama mwishoni. Mara ya tatu awe na wasikilizaji.

Wasikilizaji hao wasiwe wa fani yake pekee. Hapa ndipo wazazi wanapoweza kutoa msaada mkubwa hata kama hawakusoma chuo. Mama, baba, mjomba au jirani akikaa barazani dakika 10 akamsikiliza kijana anayeeleza utafiti wake kwa Kiswahili, kisha akaulizwa "umefahamu nini?", jibu lake ni kipimo cha kweli. Akifahamu jambo kuu, wasilisho limesimama. Akisema "maneno ni mazuri lakini sikujua unakusudia nini," basi bado. Msaada huo haugharimu chochote.

Adabu na kujiamini

Lipo jambo ambalo vitabu vingi vya uwasilishaji vilivyoandikwa kwingineko havilizungumzii. Mtoto wa Pemba hulelewa kwamba mbele ya wakubwa hakazi macho, hanyanyui sauti na hapingi kauli. Haya ni maadili mema. Lakini mbele ya jopo kijana huyo huyo anatakiwa kuwatazama walimu wake, kutoa sauti inayofika nyuma ya ukumbi, na kuitetea hoja yake pale mhadhiri anapoihoji. Wengi, na hasa baadhi ya wanafunzi wa kike waliozoeshwa sauti ya chini, hujikuta wamefungwa kati ya adabu na wajibu.

Jambo la kufahamu ni kwamba viwili hivyo havigombani. Kumtazama msikilizaji si utovu wa heshima. Ni kumpa haki yake. Anayeona vigumu kumtazama mtahini machoni na aigawe hadhira sehemu tatu, kulia, kati na kushoto, na autembeze uso wake taratibu kati ya sehemu hizo. Kutetea hoja nako si kubishana. Mwanafunzi anaweza kusema: "Nakushukuru mwalimu kwa hoja hiyo. Nilivyoona katika taarifa nilizokusanya ni hivi," kisha akaeleza ushahidi wake kwa utulivu. Amemheshimu mkubwa wake, na hajaitupa kazi yake.

Zaidi ya hayo, kuzungumza mbele ya watu si jambo geni kisiwani humu. Watoto wetu husimama wangali wadogo katika vyuo vya Kurani na katika hafla za maulidi, wakasoma mbele ya wazee na wageni. Pemba ndiyo iliyowatoa washairi Kamange na Sarahani, walioishi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao kujibizana kwao kwa mashairi kunaendelea kukumbukwa na wapenzi wa fasihi. Habari na tungo zao zimehifadhiwa katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba kilichochapishwa mwaka 2011. Utamaduni wa kutoa hoja, kuisikiliza ya mwenzio na kuijibu kwa ustadi ni urithi wetu. Mwanafunzi anayesimama mbele ya jopo yumo ndani ya utamaduni huo.

Hofu na namna ya kuikabili

Kutetemeka mikono, kukauka koo na moyo kwenda mbio ni hali za kawaida za mwili unapojitayarisha kwa jambo kubwa, na huwapata hata wazungumzaji wazoefu. Hazimaanishi kuwa mtu hajui. Zinapungua kwa mambo madogo: kufika ukumbini mapema na kuuzoea, kunywa maji, kuvuta pumzi ndefu kabla ya neno la kwanza, na kuanza taratibu kwa makusudi. Dakika 2 za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Aliyezifanyia mazoezi mengi hupata nafasi ya kutulia katika zile zinazofuata.

Iwapo ataghafilika na kusahau alipofika, anyamaze kidogo, atazame karatasi yake ya vidokezo na aendelee. Kimya cha sekunde 3 humwonea mzungumzaji kuwa kirefu, lakini hadhira haikihisi. Kuomba radhi mara kwa mara ndiko kunakowafanya watu waone kasoro.

Sehemu ya maswali

Wanafunzi wengi huiogopa sehemu hii kuliko zote, ilhali ndiyo inayompa mtahini nafasi ya kuona ujuzi wa kweli. Matayarisho yake ni kuandika maswali 10 yanayoweza kuulizwa, yakiwemo yale ambayo mwanafunzi asingependa kuulizwa, na kutayarisha jibu la kila moja. Kwa kawaida maswali huangukia katika makundi machache: kwa nini umechagua eneo hili na si jengine, umewapataje waliohojiwa na kwa nini idadi hiyo, matokeo yako yanatofautiana vipi na ya waliotangulia, na kazi yako ina mipaka gani.

Wakati wa kujibu, asikilize swali hadi mwisho, aliandike kwa ufupi ikiwa ni refu, na ajibu kilichoulizwa. Ikiwa hakulifahamu, aombe lirejewe. Kuuliza si ujinga. Ikiwa hajui jibu, aseme kwamba jambo hilo halikuwemo katika utafiti wake na aeleze namna linavyoweza kuchunguzwa. Jibu la kubuni ni hatari, kwa kuwa walimu waliopo mbele yake wameshaisoma ripoti yake na wengi wanaijua fani kuliko yeye.

Kwa kazi za kikundi, jambo la kuzingatia ni kwamba kila mwanakikundi anaweza kuulizwa sehemu yoyote. Mgawanyo wa "wewe soma slaidi hizi, mimi nitasoma zile" huwaumbua wengi. Wote wajue kazi yote, hata kama kila mmoja anazungumza dakika 3 tu.

Kuwarejeshea wananchi

Wasilisho la chuoni likimalizika, ripoti huwekwa kabatini, na mara nyingi waliotoa taarifa hawasikii tena habari yake. Huko ni kuacha kazi nusu.

Mfano mzuri ni kilimo cha mwani, kilichoanza kwa biashara hapa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, ambacho wakulima wake wengi ni wanawake, na ambacho Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mavuno. Wakulima hao huhojiwa mara kwa mara na wanafunzi kuhusu mwani wao, yakiwemo matatizo ya mwani aina ya kotonii, wenye bei kubwa zaidi lakini usiostahamili maji yanapopata joto. Mwanamke aliyeacha kamba zake pwani ili ajibu maswali ya mwanafunzi kwa saa nzima, wakati maji ya bahari hayamsubiri, ana haki ya kuambiwa kilichoonekana.

Kurejesha matokeo hakuhitaji ukumbi wala projekta. Kunahitaji kumuona Sheha, kupanga wakati ambao watu wana nafasi, na kueleza kwa Kiswahili chepesi mambo matatu: tulikuja kuuliza nini, tumeona nini, na nini kinaweza kufanyika. Mwanafunzi aliyezoea kueleza kazi yake kwa dakika 10 anaweza kufanya hivyo chini ya mwembe. Na atakapouliza iwapo kuna swali, ajitayarishe: mkulima wa mwani, mvuvi au mchumaji wa karafuu huuliza maswali magumu kuliko jopo lolote, kwa sababu anayaishi.

Ustadi huu utamfuata kijana baada ya mahafali. Atauhitaji katika usaili wa ajira, katika vikao vya ofisi, darasani ikiwa atakuwa mwalimu, na mbele ya wananchi ikiwa atapewa dhamana ya kuwatumikia. Kwa hivyo wanafunzi wanaokaribia kuwasilisha kazi zao msimu huu wasisubiri usiku wa mwisho. Waandike sentensi yao moja leo, waitamke kwa sauti, na wamtafute mtu mmoja nyumbani wa kuisikiliza.